Selous, mwindaji aliyekufa vitani akiwa na miaka 65

Hapa Kivu, wazee wakiongea juu ya vita vya kwanza vya dunia, wanaanza na kisiwa cha Idjwi. Wajerumani walikiteka mwezi wa tisa 1914. Mwaka 1916 Force Publique ya Wabelgiji ikakirudisha, ikaendelea mbele mpaka Tabora. Lakini kwenye vita hivyo hivyo Waingereza nao walikuwa wanapigana kutokea Kenya, na kati ya askari wao kulikuwa mzee mmoja ambaye kwa umri wake angebaki nyumbani: Frederick Courteney Selous.

Alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851, katika familia yenye mali. Alisoma shule ya Rugby, ile ambayo mchezo wa raga umechukua jina lake. Inasimuliwa kama usiku mmoja mwalimu alimkuta amelala chini kwenye sakafu, na nguo ya kulalia tu. Alikuwa anajizoeza baridi, sababu alishaamua atakuwa mwindaji Afrika. Wakati ule, kwa Waingereza wenye pesa, kuwinda kulihesabiwa kama michezo mingine, na Selous akakuwa bingwa wao. Hata uzeeni, kijijini kwake Worplesdon, alikuwa bado anacheza kriketi.

Alifika Afrika ya Kusini 1871, na miaka 19. Mwaka uliofuata akaenda kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimucheka, akaona ni mtoto tu, akamruhusu. Kumbe yule mtoto, katika miaka mitatu ya kwanza, aliua tembo 78 na bunduki nzito za zamani, zile za kujaza baruti kwa mdomo. Pembe ndizo zilikuwa mshahara wake. Baada ya miaka kumi hivi tembo walikuwa wamepungua sana kule, na yeye ni mmoja wa waliowamaliza. Akaanza kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho, na kuandika vitabu vilivyosomwa sana Ulaya.

Ni hapo maisha yake yanakuwa magumu kuyasifu. Njia alizozijua kwa sababu Lobengula alimuachilia apite, mwaka 1890 alizionyesha watu wa Cecil Rhodes waliokuja kuchukua nchi ya Washona. Miaka mitatu nyuma yake vita vikamfikia Lobengula mwenyewe, na Selous akapigana upande wa wazungu, akajeruhiwa. Mfalme alikimbia, akafa 1894 akiwa mafichoni. Na bado ni Selous huyo huyo ambaye baadaye, Waingereza walipopigana na Makaburu, alipinga vita ile mbele ya watu wake. Mwaka 1909 alisaidia kutayarisha safari ya uwindaji ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani.

Vita vya 1914 vilimkuta na miaka 62. Kwanza walimkataa juu ya umri. Akasumbua mpaka akapokelewa katika batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, iliyojaa wawindaji na watu wa safari. Walishuka Mombasa mwezi wa tano 1915, na mwezi wa sita walivuka ziwa Victoria kushambulia Bukoba. Malaria na kuhara damu viliangusha vijana wengi wa batalioni ile, mzee anaendelea kutembea kwa miguu. Mwaka 1916 alirudishwa Uingereza kufanyiwa operesheni, akapona, akarudi tena vitani.

Tarehe 4 Januari 1917, karibu na Beho Beho, upande wa mto Rufiji, aliinua kichwa kutafuta adui walikojificha. Risasi ikamuua pale pale. Mbebaji wake wa bunduki, Ramazani, inasimuliwa alipoona bwana wake ameanguka alirukia adui kwa hasira na kuua kadhaa. Jina la Ramazani limebaki kwa bahati. Wapagazi wa vita vile, zaidi ya 200,000 kwa upande wa Kongo peke yake, karibu wote hawana hata kaburi linalojulikana.

Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 4 Januari 1918, mtoto wake Freddie, rubani wa ndege, naye aliuawa vitani Ulaya.

Mwaka 1922 Waingereza walilipa jina la Selous pori kubwa la wanyama kusini mwa Tanganyika. Kwa miaka mingi jina la mwindaji likawa jina la mahali pa kulinda tembo. Mwaka 2019 Tanzania ilikata sehemu kubwa ya pori lile, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ikafanya parki ya taifa yenye jina la Nyerere. Kaburi la Selous liko ndani yake, Beho Beho, chini ya jiwe la kawaida.