Florence Nightingale: mama aliyetaka wagonjwa waone maua na mwanga

Kila tarehe 12 Mei, wauguzi wa kwetu wanafanya sikukuu pamoja na wauguzi wa dunia yote. Ile tarehe haikuchaguliwa ovyo. Njo siku alizaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820, katika mji wa Florence, nchini Italia. Wazazi wake walimupatia jina la ule mji.

Jamaa yake walikuwa Waingereza wenye mali. Aliposema anataka kuhudumia wagonjwa, walikatala, sababu wakati ule kazi hiyo haikuwa na heshima. Hakulegea. Mwaka 1851 alienda kujifunza kule Kaiserswerth, Ujerumani.

Mwaka 1854, wakati wa vita vya Crimea, serikali ya Uingereza ilimutuma na wauguzi 38 hadi Scutari, karibu na Istanbul. Kule walikuta askari wamejaa katika uchafu, hewa nzito, na mifereji ya vyoo imeziba chini ya jengo. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, kipindupindu na homa, ndani ya nyumba iliyopaswa kuwaponyesha. Mwezi wa pili 1855, kwa wagonjwa 100, karibu 42 walikufa. Mwezi wa tatu ikafika tume toka London: mifereji ikasafishwa, hewa ikapitishwa. Kufika mwezi wa sita, vifo vilishuka hadi karibu 2 kwa 100.

Mama Florence mwenyewe alishikwa na homa kali huko Crimea, karibu afe. Baadaye, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, alisimulia kwamba akiwa mgonjwa wa homa aliletewa maua ya porini, na tangu hapo akaanza kupona haraka zaidi. Njo maana alifundisha kwamba kuona ukuta uleule kila siku kunachosha mgonjwa, na kwamba rangi na maua vinasaidia hata mwili, si roho tu. Watu wa wakati ule waliogopa kuacha mimea chumbani usiku, eti inaharibu hewa. Yeye alijibu kwamba hewa hiyo ni kidogo sana, haiwezi kuumiza mtu. Kwake, adui alikuwa chumba kilichofungwa.

Mwaka 1860 alifungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London. Alitetea majengo yaliyoachana, yenye madirisha pande mbili. Tangu 1857 yeye pia alishinda miaka mingi kitandani, akiandika akiwa mgonjwa. Alijua vizuri mgonjwa anaona nini. Alikufa tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90.

Maua hayachukui nafasi ya dawa wala ya maji safi. Kule Scutari, mifereji na hewa njo vilipunguza vifo. Ila mti kivulini mwa uwanja wa hospitali, au maua machache mbele ya chumba cha kuzalia, havihitaji kungojea msaada wa mbali. Na wewe unayeenda kukaa na mgonjwa wako, kama muuguzi anakubali, sogeza kitanda chake kidogo, fungua dirisha, aone inje.