Puskás na Mguu Wake wa Kushoto

Ferenc Puskás alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka wa 1927. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na mguu wa kulia hakuutegemea sana. Lakini ule wa kushoto, wacha tu! Mwaka wa 1953 Hungaria iliwacharaza Waingereza 6-3 kwao Wembley, naye akafunga mawili. Fainali ya Kombe la Dunia 1954 waliipoteza 3-2 kwa Ujerumani Magharibi, bao lake la kusawazisha likikataliwa eti ameotea.

Mwaka wa 1956 vifaru vya Warusi vilizima maasi Budapest. Puskás, aliyekuwa ng'ambo na klabu yake ya Honvéd, alikataa kurudi na akapigwa marufuku kucheza. Real Madrid walipomchukua 1958 alikuwa na miaka 31 na kitambi juu. Watu wakasema huyu kwisha. Kwisha wapi! Katika fainali ya Kombe la Ulaya 1960 alitia kimiani mabao 4 peke yake, Real wakiilaza Eintracht Frankfurt 7-3.

Wachezaji hodari wengi hushindwa na ukocha. Yeye aliwafikisha Panathinaikos wa Ugiriki fainali ya kombe hilo 1971, Wembley ile ile. Ajax waliwafunga 2-0, lakini hakuna klabu nyingine ya Ugiriki iliyowahi kufika hapo.

Aliaga dunia Budapest mwaka wa 2006. Tangu 2009 FIFA humtuza mfungaji wa bao la kupendeza zaidi kwa tuzo ya Puskás, hata kama amelifunga kwa mguu wa kulia.