Jagadish Chandra Bose na Mwanga wa Jua Usioonekana

Wakazi wa Tukuyu twazijua siku ambazo mawingu ya Mlima Rungwe hulificha jua tangu asubuhi hadi jioni, nasi humsalimu Surya tukiamini kuwa yupo. Katika kijitabu hiki cha kumbukumbu ya hekalu letu, tumeona vema kuwasimulia waumini na majirani maisha ya mtu aliyewaza juu ya mwanga wa jua usioonekana kwa macho.

Jagadish Chandra Bose alizaliwa Bengal, India, tarehe 30 Novemba 1858. Baba yake, ingawa alikuwa ofisa wa serikali, alimpeleka kwanza katika shule ya kijijini, akaketi pamoja na mwana wa mtumishi Mwislamu na mwana wa mvuvi. Baada ya masomo ya Cambridge na London, mwaka 1885 alianza kufundisha fizikia Presidency College, Calcutta. Alipopangiwa mshahara mdogo kuliko wa walimu Wazungu, hakuupokea wala hakuiacha kazi. Alifundisha miaka mitatu bila malipo, hadi haki yake ikatolewa.

Katika chumba kidogo, akisaidiwa na fundi bati, aliunda mitambo ya maikrowevu, yaani mawimbi mafupi mno ya redio, ya milimita 5 hadi 25. Aliyaelekeza kwa mirija iliyopanuka mdomoni kama tarumbeta, akayanasa kwa madini ya galena. Mwaka 1895, mbele ya watu wa Calcutta, mawimbi hayo yalipenya kuta, yakaliza kengele na kulipua baruti.

Mwaka 1897, akihutubia Royal Institution ya London, alidokeza kuwa huenda jua nalo hutoa mawimbi ya umeme kama hayo, ila humezwa na hewa yake au ya dunia kabla ya kutufikia. Bose alifariki Giridih tarehe 23 Novemba 1937. Mwaka 1942, huko Marekani, George Southworth aliyapima maikrowevu ya jua. Na mwaka 1944 ikabainika kuwa mvuke wa maji hewani huyameza mawimbi ya sentimita 1.2 hivi. Yale ya sentimita kadhaa hupenya mawingu, na leo mitambo ya sahani na tarumbeta huyatumia kuchunguza dhoruba za jua hata mbingu ikiwa imefunga.

Mwaka 1917, siku aliyotimiza miaka 59, Bose alifungua taasisi ya utafiti Calcutta. Aliiweka wakfu kama hekalu, si maabara tu, akataka uvumbuzi wake uwe mali ya watu wote.