James Hemings, mtumwa aliyepika makaroni na fromaji

Huku kwetu Goma, mtu akitaka kutengeneza sosi nzito ya makaroni hana haja ya kwenda mbali. Fromaji ya Masisi iko sokoni. Unaikata vipande vidogo, unaitia kwenye maziwa ya moto yenye siagi na unga kidogo wa ngano, unakoroga kwenye makala yasiyo makali mpaka iyeyuke, kisha unamwagia makaroni yaliyokwisha kuiva. Watoto wanalamba sahani.

Kule Marekani chakula hiki ni cha kila nyumba, na watu wengi wamezoea kusema kililetwa na rais wao wa tatu, Thomas Jefferson. Lakini Jefferson hakuwa mtu wa kushika mwiko. Jikoni kulikuwa na kijana mweusi, James Hemings.

James alizaliwa mwaka 1765 katika jimbo la Virginia. Mama yake, Elizabeth Hemings, alikuwa mtumwa. Baba yake, kama wanahistoria wengi wanavyokubali, alikuwa John Wayles, mzungu mwenye kumiliki mama huyo. Binti wa Wayles, Martha, aliolewa na Jefferson. Kwa hiyo baba alipokufa mwaka 1773, James akarithiwa kama mali na familia ya dada yake wa damu.

Mwaka 1784 Jefferson alitumwa Ufaransa kuwakilisha nchi yake, akamchukua James, kijana wa miaka 19, ili akajifunze kupika. James alifundishwa na wapishi wakubwa wa Paris, hata na mpishi wa mwana wa mfalme wa Condé. Alitafuta pia mwalimu wa Kifaransa. Mwaka 1787 akawa mkubwa wa jiko katika nyumba ya Jefferson, kwa mshahara wa livre 24 kwa mwezi.

Ufaransa, mtumwa aliweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Hata hivyo, mwaka 1789 James alirudi Marekani pamoja na Jefferson na dada yake mdogo, Sally. Huko nyumbani alikuwa ameacha mama na ndugu zake, wote watumwa.

Alipika New York, akapika Philadelphia. Tarehe 15 mwezi wa 9 mwaka 1793, Jefferson aliandika ahadi: atamwachia huru James, lakini kwanza amfundishe mtu mwingine kazi yote ya jikoni. Mtu aliyefundishwa alikuwa Peter, mdogo wake James. Njo vile ilikuwa: ili atoke, ilibidi amweke ndugu yake mahali pake. Tarehe 5 mwezi wa 2 mwaka 1796 James akapata uhuru. Kabla ya kuondoka aliandika kwa mkono wake orodha ya vyombo vyote vya jikoni, na karatasi hiyo iko mpaka leo. Peter alibaki, na Jefferson hakumwachia huru hata siku ya kufa kwake.

Mwaka 1801 Jefferson akawa rais, akamtaka James awe mpishi wake. Alimtumia ujumbe kwa mdomo wa watu wengine. James, ambaye sasa alikuwa mtu huru akifanya kazi Baltimore, akaomba kitu kimoja tu: Jefferson mwenyewe amwandikie mistari michache, aseme masharti ya kazi. Barua hiyo haikuja. Kazi ikapewa Mfaransa. Mwishoni mwa mwaka huohuo, James alijiua. Alikuwa na miaka 36.

Mwaka 1802, wageni wa rais waliandaliwa makaroni na fromaji mezani, na jina la Jefferson likashikamana na chakula hicho. Ukweli ni kwamba huko Ulaya kilikuwa kinajulikana zamani. Waliokijulisha Virginia ni wapishi watumwa kama James na Peter, na hao hawakuandikwa.

Hata fromaji yetu ya Masisi ina mikono nyuma yake: anayechunga, anayekamua, anayeibeba kwenye barabara mbaya mpaka Goma. Siku ukipika makaroni, waambie watoto habari ya James. Na ukimjua aliyekamua maziwa yale, mtaje naye kwa jina lake.