Binti Sultani Aliyejifunza Kuandika kwa Siri

Wewe unayesoma hii kwenye simu, hakuna aliyewahi kukukataza kuandika. Wazo likikujia saa tisa usiku, unalirusha mtandaoni na kulala. Sasa hebu rudi nami Unguja ya miaka ya 1850, ukutane na msichana aliyejificha ili ajifunze kuandika.

Sayyida Salme alizaliwa 1844 katika kasri la Mtoni. Baba yake alikuwa Sultani Sayyid Said. Mama yake, Jilfidan, alikuwa mtumwa aliyetolewa mbali huko Ucherkesi, karibu na Bahari Nyeusi. Mali ilikuwa tele. Lakini mabinti wa kasri walifunzwa kusoma Kurani tu. Kuandika? Hiyo ilikuwa ya wavulana.

Salme hakungoja ruhusa. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, akaufanya ubao, akawa anaiga herufi za Kurani moja baada ya nyingine.

Kumbe kalamu ina gharama. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alitaka kumpindua ndugu yao, Sultani Majid. Nani aliandika barua za siri? Salme, msichana wa miaka 15! Njama ikafeli, naye akabaki amekosana na wengi nyumbani.

Kisha akapendana na jirani, mfanyabiashara Mjerumani aliyeitwa Rudolph Heinrich Ruete. Akapata mimba. Mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko akabatizwa, akaitwa Emily, wakafunga ndoa 1867 na kuhamia Hamburg. Miaka mitatu baadaye mumewe akafa katika ajali ya tramu.

Jiweke kwenye viatu vyake. Mjane kijana, watoto watatu wadogo, baridi kali, lugha ya wenyewe. Urithi wa nyumbani akanyimwa. Alipozuru Zanzibar 1885, Barghash, sasa akiwa ndiye Sultani, alikataa kumwona.

Ule ujuzi wa siri ndio uliomfaa. Alifundisha Kiarabu na Kiswahili apate riziki, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Wasafiri wa Ulaya walikuwa wakisimulia nyumba za wanawake wasizowahi kuingia. Yeye alizaliwa ndani. Kitabu chake huhesabiwa kati ya tawasifu za kwanza kuchapishwa na mwanamke Mwarabu.

Lakini usimfanye malaika. Katika kitabu hicho hicho alitetea utumwa, ati wa kwao haukuwa mbaya kama wa Wazungu. Mtu ambaye mama yake alinunuliwa! Ukifika hapo utakasirika, na una haki. Kasri lile tunalijua kwa kalamu ya binti wa mwenye nyumba. Waliolifagia, nani aliwapa kalamu?

Salme alifariki 1924 mjini Jena, akazikwa Hamburg. Katika vitu vyake kulipatikana kimfuko cha mchanga wa Zanzibar.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza. Kuna siku nahisi sina ruhusa ya kuandika chochote. Siku hizo huukumbuka ule mfupa wa ngamia. Na wewe, kama nyumbani kwenu kuna hadithi ambayo hakuna aliyewahi kuiandika, unangoja ruhusa ya nani?