Jioni Ambazo Hazikurudi

Msimu wa mpunga unapofika katika bonde la Kilombero, familia nyingi hugawanyika. Baba na mama huhamia shambani kwa majuma mengi kulinda mazao, na watoto wa shule hubaki na bibi. Mzazi anayelala mbali na wanawe ataielewa upesi habari ya David Livingstone.

Livingstone alizaliwa Scotland mwaka 1813. Akiwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba. Baadaye alisomea udaktari, na mwaka 1841 akafika kusini mwa Afrika kama mmisionari. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa wamisionari, nao wakaja kujenga nyumba Kolobeng, katika Botswana ya leo. Livingstone alifundisha, alitibu na kujenga kutwa nzima. Jioni alikuwa amechoka mno, hata hakuwa na nguvu ya kucheza na watoto wake.

Mwaka 1852 aliwapandisha Mary na watoto wanne melini huko Cape Town waende Uingereza, ili yeye aendelee na safari za bara. Hawakuonana tena kwa zaidi ya miaka 4. Baada ya kutengana mara nyingine, Mary alimfuata kwenye mto Zambezi mwaka 1862. Miezi michache baadaye alishikwa na homa. Mumewe alikuwa daktari, lakini dawa hazikumponya, akamzika chini ya mbuyu huko Shupanga, Msumbiji. Mwaka 1864 mwana wao mkubwa, Robert, alifariki akiwa mateka wa vita Marekani.

Ulimwengu unamkumbuka Livingstone kwa safari zake na kwa kupinga biashara ya watumwa. Alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, pasipo mtu wa nyumba yake karibu. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Lakini katika maandishi yake aliacha jambo moja la majuto: hakucheza na watoto wake alipokuwa nao. Alipotaka kufanya hivyo, walikuwa wamekwisha kukua.

Kazi yake ilikuwa njema. Kosa halikuwa kumtumikia Mungu, bali kuiona jioni ya nyumbani kuwa si sehemu ya utumishi huo. Zaburi 128 inaionyesha baraka ya mcha Mungu mahali pa karibu sana: mezani pake, pamoja na mke na watoto.

Malaria ingali bondeni. Utafiti uliofanywa Ifakara ulisaidia kuonyesha kwamba chandarua chenye dawa huokoa maisha ya watoto, lakini hakuna nyumba inayoijua kesho yake. Basi jua linapozama Ijumaa, wali ukiwa mezani na watoto wakibishania wimbo wa kufungulia Sabato, hapo pana sababu tosha ya kushukuru. Mzee wa kanisa aliyechoshwa na vikao na aketi awasikilize. Jioni hiyo nayo amepewa na Bwana.

Maswali ya kujadili

1. Ni jambo gani la kawaida nyumbani kwako ambalo hujawahi kumshukuru Mungu kwa ajili yake?

2. Kanisa lenu liwasaidieje wazazi na watoto wanaotengana wakati wa kilimo?