Askofu Muge: Safari ya Busia iliyogharimu uhai wake

ASKOFU Alexander Kipsang Muge wa Dayosisi ya Kianglikana ya Eldoret aliaga dunia Agosti 14, 1990, akirejea kutoka Busia, wilaya ya mpakani ambayo waziri mmoja alikuwa amemwonya asithubutu kuikanyaga.

Kabla ya kuvaa joho, Muge alihudumu katika kikosi cha polisi cha GSU. Alisomea theolojia Limuru na London, na mwaka wa 1983 akawa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo.

Mnamo 1986, chama tawala cha KANU kilipoamua wapigakura wapange foleni nyuma ya wawaniaji, Muge alikuwa miongoni mwa viongozi wa makanisa waliopinga. Mpigakura angechaguaje kwa uhuru huku chifu wake akimtazama? Katika uchaguzi wa 1988, kwenye vituo kadhaa aliyekuwa na mlolongo mfupi alitangazwa mshindi.

Askofu huyo pia alikemea unyakuzi wa ardhi, na alifichua njaa ya Pokot Magharibi ambayo serikali ilikuwa ikiikana.

Agosti 1990, Waziri wa Leba, Peter Okondo, mzaliwa wa Busia, alimwonya yeye na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini kwamba wakifika huko huenda wasitoke wakiwa hai. Siku hizo machifu na wakuu wa wilaya, kuanzia Malaba hadi Busia mjini, waliteuliwa kutoka juu, na tamko la waziri lilitiishwa kama sheria.

Muge alikwenda, na umati ukamlaki. Akirudi, gari lake liligongana na lori la maziwa huko Kipkaren. Okondo alijiuzulu, naye dereva wa lori akafungwa jela. Miaka mingi baadaye, afisa mstaafu wa ujasusi aliieleza Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano kuwa kifo hicho kilipangwa.

Desemba 1990, KANU iliufuta mlolongo. Mwaka uliofuata mfumo wa vyama vingi ukarejeshwa.

Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kuingia na kuishi popote nchini. Tangu 2013, wakazi wa Busia na Malaba humchagua gavana na madiwani wao kwa kura ya siri. Ruhusa ya kuingia Busia haimo tena mikononi mwa waziri yeyote.